Tulijifunza Kupima Virusi, Sasa Tupime Presha

 

Nimeombwa nizungumze juu ya moyo na magonjwa yake. Nitaanza na VVU, na naomba mnivumilie, kwa sababu naamini mikoa ya Mbeya na Iringa imekwisha kupita darasa lile lile ambalo ugonjwa wa moyo unatutaka tulipite. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.4. Hizo ni takwimu za miaka ya nafuu. Wanaokumbuka miaka ya tisini wanajua misiba ilivyofuatana, mafundi seremala walivyokesha, na bibi walivyorudi kulea watoto wachanga wakiwa na miaka sabini.

Katika uchungu ule tulifundishika. Tulijua kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa kwa miaka mingi huku ananawiri, analima, anacheka. Tulijua kwamba sura ya mtu haisemi kitu, kipimo ndicho kinachosema. Tukajua pia kwamba kuna dawa inayomezwa kila siku ya Mungu, hata siku ambayo mwili hauna neno. Mtu wa Makete au Mufindi anayeelewa kwa nini jirani yake anameza ARV kila usiku, tayari anajua nusu ya niliyokuja kusema. Presha ni hivyo hivyo. Haiumi, haionekani, haiishi kwa wiki mbili za vidonge, na inaua.

Moyo ni msuli. Unadunda kama mara laki moja kwa siku, ukisukuma damu ndani ya mishipa. Mishipa ikikaza, moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi. Mnaoijua barabara ya Kitonga mmeliona lori lenye shehena ya kwenda Tunduma likipanda kwa gia ndogo, injini inaunguruma, dereva jicho kwenye mshale wa joto. Lori hilo lina nafuu yake: likifika Ilula linapumzika. Moyo wa mwenye presha ya juu unapanda usiku na mchana, miaka kumi, ishirini, pasipo kufika kileleni. Kwanza msuli unanenepa, halafu unachoka na kutanuka. Miguu inavimba jioni. Mtu hawezi tena kulala chali, anaongeza mto wa pili, wa tatu, anaamka usiku akitafuta hewa dirishani. Kwa mwingine moyo unastahimili, lakini mshipa wa ubongo unaziba au kupasuka, na asubuhi anakutwa upande mmoja hauna nguvu. Kwa mwingine tena ni figo zinazochakaa kimyakimya.

Wengi wakisikia ugonjwa wa moyo wanafikiria mtu mnene wa mjini anayeshika kifua na kuanguka. Kwetu picha ya kweli ni nyingine. Wataalamu wa Muhimbili waliwafuatilia wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi sawasawa, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa presha: asilimia 45. Moyo ulioharibiwa na mishipa yake kuziba, ule wa kushika kifua, ulikuwa asilimia 9 tu. Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 55. Mtu wa miaka 55 huku kwetu bado analima, bado analipa ada, na mara nyingi bado anamlea mama yake mzazi.

Presha hiyo wanayo wangapi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, ukakuta robo yao, asilimia 25.9, wako juu. Ninaposema juu, nina maana 140 kwa 90 na kuendelea, ikipimwa zaidi ya mara moja. Hesabuni viti vya mstari wenu. Kila mtu wa nne.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka 1996 na 1997 watafiti walipima watu Ilala, Dar es Salaam, na Hai, Kilimanjaro. Kati ya kila watu 100 waliokutwa na presha ya juu, waliokuwa wanajua hawakufika 20. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka hadi mahali salama hawakufika hata mmoja. Sasa liwekeni hilo kando ya VVU. Utafiti wa 2022 hadi 2023 ulikuta kwamba kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, zaidi ya 82 wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, karibu 98 katika 100 wako kwenye dawa. Kati ya walio kwenye dawa, 94 katika 100 virusi vyao vimefubazwa. Miaka ya tafiti hizi mbili haifanani, nakubali, na hali ya presha imesogea tangu wakati ule. Lakini nchi ni hii hii, zahanati ni hizi hizi, watu ni sisi. Kwa ugonjwa ulio mgumu zaidi, wenye aibu zaidi, tumeweza. Asiniambie mtu kwamba Mtanzania hawezi kumeza kidonge kila siku.

Naisikia sana kauli kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Ina chembe ya historia ndani yake, kwa hiyo niijibu kwa heshima. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison aliandika habari za Kavirondo Kusini, upande wa Kisii nchini Kenya. Alikuwa amepima wanaume wapatao 1,000, akakuta presha yao haipandi kwa uzee kama ya watu wa Ulaya, bali kwa wenye umri mkubwa inashuka. Kampala, Daktari Hugh Trowell aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa miongo mitatu hakueleza mgonjwa Mwafrika mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hadi mwaka 1956. Mgonjwa huyo alikuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kwa hiyo babu zetu kweli hawakuugua hivi.

Kilichobadilika si damu yetu. Katika miaka ya themanini watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilianza kupanda ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini. Chumvi kwenye mkojo wao ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ile inayopatikana kwenye ndizi, maharage na mboga, imepungua. Damu ya ukoo ule ule, chakula kingine, presha nyingine. Nasi tuna mfano wetu: kati ya mwaka 2003 na 2006 kiharusi kilihesabiwa Dar es Salaam na Hai kwa njia moja, na kiwango cha mjini kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha vijijini. Jiji la Mbeya sasa lina zaidi ya watu laki tano. Tumekwisha kuhama, hata kama hatukupanda basi.

Tuangalie basi vyungu vyetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyo kwenye mkate, kwenye supu ya asubuhi, kwenye viungo vya paketi na ile ya kwenye chipsi. Huku kwetu kijiko hicho kimekwisha kabla ya saa sita mchana. Kikopo cha chumvi kinakaa mezani na mkono unakiendea kabla ulimi haujaonja. Viazi vya Uporoto ni chakula kizuri kikichemshwa. Vikitumbukizwa kwenye mafuta yanayokaangiwa tangu juzi, vikanyunyiziwa chumvi mara mbili na kusindikizwa na kitimoto, si chakula kile kile. Inaniuma kwamba parachichi za Rungwe na Njombe zinapakiwa kwenda nje ya nchi huku mtoto wa mkulima ananunuliwa biskuti. Ndizi za Tukuyu, maharage, mchicha, majani ya maboga, parachichi: hivyo ndivyo vyakula vyenye ile potasiamu iliyowapungukia wale waliohamia Nairobi. Sisi bado tunavyo mlangoni.

Baridi nayo ina sehemu yake. Mwezi Juni na Julai presha za watu hupanda kidogo kwa sababu ya ubaridi, na ndio wakati tunaojifungia na jiko la mkaa au kuni ndani ya chumba kimoja na watoto. Tunaujua moshi kwa macho na kifua. Tujue pia kwamba vumbi lake laini linaingia kwenye damu na kuumiza mishipa ya moyo, na mama anayepika ndiye anayevuta zaidi. Jiko likiwaka, dirisha liwe wazi, hata kama ni Makete. Sigara na ugoro sina haja ya kuvieleza, anayevuta anajua. Pombe niseme wazi kwa kuwa hapa inatetewa kama mila: ulanzi, komoni na bia zote zikizidi hupandisha presha, na zikizoeleka kwa wingi huuchosha msuli wenyewe wa moyo.

Kuna jambo la unene ambalo huku lina historia yake. Watu wetu wanaogopa kupungua. Mama mwenye presha na kisukari anaambiwa na daktari apunguze kilo, anajitahidi, anapungua, na mtaani wanaanza kunong'ona kwamba ameshika ngoma. Anarudi kula ili anawiri, apate amani. Hili ni deni la miaka ile ya UKIMWI, na tunalilipa kwa viharusi. Nawasihi ninyi majirani: mkimwona mtu amepungua na anatembea kwa miguu asubuhi kutoka Mwanjelwa hadi Kabwe ilhali ana nauli ya bajaji, mpeni hongera.

Nisiwasahau watoto. Moyo wa mtoto huharibika kwa njia nyingine, na inaanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata mafindofindo, koo linamuuma, ana homa. Baadhi ya koo hizo ni za bakteria. Zisipotibiwa, na zikirudia, mwili wa mtoto unaweza kugeuka ukapigana na viungo vyake na milango ya moyo wake. Magoti yanavimba leo, kesho kiwiko, halafu yanapoa na wazazi wanashukuru. Miaka kumi baadaye ni msichana mjamzito asiyeweza kupanda ngazi. Penisilini inazuia yote haya, ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na hata ikianza siku chache baada ya koo kuuma bado inasaidia. Mahali pake tumeweka kisu: mtoto anapelekwa kukatwa kimio. Kukata kimio hakutibu koo, na watoto wametokwa damu hadi kufa. Mabweni yetu yenye msongamano na baridi ni mahali pa kuangaliwa sana. Waliokwisha kuumia nao wana tumaini: huko Gulu, Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 800 waliokuwa na dalili za mwanzo zinazoonekana kwa kipimo cha eko pekee, yaani picha ya moyo. Kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, ambao hali yao ilizidi hawakufika mmoja katika 100. Kwa wasiochomwa walikuwa 8.

Kwa mama mjamzito na aliyejifungua, neno moja. Kuvimba miguu na kukosa pumzi usiku, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa tano baada ya kujifungua, kunaweza kuwa moyo unaoshindwa. Usiambiwe ni uchovu wa uzazi ukarudi nyumbani kabla moyo haujapimwa.

Dalili za kukimbiza mtu hospitali zijulikane na kila mtu katika nyumba. Kifua kinachobana kama kimewekewa uzito, maumivu yakielekea mkono wa kushoto, shingoni au tayani, jasho jembamba, kichefuchefu. Wengi wetu hapo tunasema vidonda vya tumbo na kununua dawa ya tumbo dukani. Hata hospitalini hupotea: tafiti zilizofanywa Moshi zimeonyesha kwamba mshtuko wa moyo hupita chumba cha dharura bila kutambuliwa kwa sababu kipimo cha umeme wa moyo hakikufanywa. Una haki ya kukiuliza. Mdomo uliopinda, mkono unaoanguka ukiinuliwa, maneno yanayokokotwa: hicho ni kiharusi, na kila saa inayopita sehemu ya ubongo inakufa.

Hapo ndipo tunapogawanyika, wengine kwenda hospitali, wengine kwenda kuagua. Msidhani ni ujinga wa vijijini. Watafiti waliowauliza watu Dar es Salaam na Hai walikuta kwamba ni Dar es Salaam, mjini, ambako kiharusi kilihusishwa zaidi na majini na uchawi. Wanavijiji wa Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Wachungaji wangu, masheikh wangu, waombeeni watu hawa. Waombeeni wakiwa ndani ya gari wanapelekwa hospitali.

Machi 2021 taifa zima lilisikia, kutoka kinywani mwa Makamu wa Rais wakati ule, Mama Samia Suluhu Hassan, kwamba Rais John Magufuli amefariki kwa maradhi ya moyo, hitilafu katika mfumo wake wa umeme, aliyokuwa ameishi nayo zaidi ya miaka kumi. Siku ile ndipo wengi walipojua kwamba moyo una umeme. Nchi inayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015, ambako watoto wenye matundu ya moyo na watu wazima wenye mishipa iliyoziba wanatibiwa na Watanzania wenzao badala ya kupelekwa India. Tujivunie. Lakini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Huku tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, tuna Tosamaganga na Ilula. Hata hizo ni mbali kwa mtu wa ndani ya Kilolo au Chunya. Moyo wa mtu huyo utaokolewa zahanati, kwa mashine ya presha yenye betri nzima na vidonge visivyoisha stoo. Nikiulizwa fedha ziende wapi kwanza, naelekeza zahanati, na sisiti.

Na tuna pa kuanzia. Kila wilaya ina kliniki za CTC, zile za wenye VVU, zenye mafaili, tarehe za kurudi na watu wanaomfuata asiyerudi. Watafiti wa Tanzania na Uganda walijaribu katika vituo 32 kuwahudumia pamoja wenye VVU, kisukari na presha, foleni moja, chumba kimoja. Matokeo yalichapishwa 2023: matibabu ya VVU hayakudhoofika, na karibu 9 katika 10 ya wenye presha na kisukari walikuwa bado wanahudhuria baada ya mwaka. Mwenye VVU ana sababu ya ziada, kwa kuwa hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo na mishipa ni kama mara mbili ya mtu asiye na virusi. Tuliowaokoa na UKIMWI tusiwazike kwa kiharusi. Naomba waganga wakuu wa wilaya mliopo hapa: kila anayeingia CTC apimwe presha siku hiyo hiyo na iandikwe kwenye faili lake. Waheshimiwa madiwani, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Ulizeni kwenye vikao vyenu kama dawa za presha zinapatikana katika zahanati za kata zenu, na muulize kila robo mwaka.

Julai 2007 Rais Kikwete na mama Salma walipimwa VVU hadharani, na watu wengi wakajitokeza baada yao. Naomba Jumapili na Ijumaa zijazo kiongozi wa ibada akunje mkono mbele ya waumini wake apimwe presha. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta. Kisha wazee wa kanisa na wa msikiti, kisha wote wenye miaka 30 na zaidi. Wanaume hasa, maana kliniki ya wajawazito huwapima akina mama, nasi wanaume hakuna anayetukamata mkono.

Neno langu la mwisho ni kwa mliokwisha kuandikiwa dawa mkaacha. Mko wengi, na sababu nazijua: presha ilisoma vizuri, au vidonge viliisha, au jirani alisema dawa ikianza haiishi, au mlianza kutumia kitunguu saumu. Presha ilisoma vizuri kwa sababu ya dawa. Ikiwa kidonge kinakuvimbisha miguu au kinakufanya ukohoe, mwambie daktari, ziko aina nyingine. Rudi kliniki wiki hii ukiwa na kadi yako, na kama kadi imepotea, rudi bila kadi.